Nyumba ya ziwani imenishinda, lakini naona haya kurudi Migosi

Kwako Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mhasibu katika shirika moja hapa Kisumu. Tangu mwaka juzi nimepanga nyumba ya vyumba viwili, orofa ya nne, upande ule wa Milimani unaoteremkia Dunga. Jioni nikisimama kwenye roshani naliona jua likizama ziwani na mashua za wavuvi zikitoka. Nilihamia huku kutoka Migosi, ambako nilikuwa nalipa Sh17,000.

Huku kodi ni Sh45,000, na juu yake Sh6,000 za huduma: walinzi, jenereta, maji ya kisima na lifti ambayo hufanya kazi ikipenda. Nilitoa depoziti ya Sh90,000. Mshahara wangu baada ya makato ni Sh118,000. Namlipia mdogo wangu karo, yuko chuoni Maseno, na kila mwezi namtumia mama kitu kidogo kule Ugunja.

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja na uliisha Agosti mwaka jana. Hakuna aliyezungumzia mwingine. Niliendelea kulipa kila tarehe moja, na ajenti akaendelea kupokea. Sasa tarehe 12 mwezi huu amenitumia ujumbe wa WhatsApp kwamba kuanzia tarehe moja kodi ni Sh65,000. Sababu zake ni mbili: eti serikali imeongeza kodi kwa wenye nyumba, na kwamba mwenye nyumba anaweza kupata zaidi akiifanya Airbnb. Nisipokubali, tarehe hiyo hiyo niwe nimetoka. Orofa yetu tayari ina nyumba tatu zinazolaza wageni. Ijumaa hadi Jumapili ni muziki, na kwenye ngazi napishana na watu ambao sitawaona tena maishani.

Shangazi, kichwani najua nyumba hii imenizidi. Kinachonifunga ni aibu. Mama amewaambia akina mama wenzake kanisani kwamba binti yake anaishi Milimani, ziwani kabisa. Chama chetu hukutana kwangu kwa sababu ya ile roshani. Binamu zangu wakija mjini hawaulizi, hushuka kwenye tuktuk na mabegi yao. Kuna pia jamaa ambaye tumekuwa pamoja tangu Januari. Alinijulia hapa na hajui kwamba niliwahi kuishi Migosi. Nikirudi kule nitaonekana nimefutwa kazi.

Niambie, huyu ajenti ana haki ya kunifanyia hivi? Nikope kidogo kwenye sacco nivumilie mwaka mmoja? Na nikitoka, depoziti yangu nitaiona?

Mpangaji wa Ziwani, Kisumu

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, hama. Nimeisoma barua yako nikitafuta sababu ya kukuambia ubaki, na sikuipata. Ila usihame tarehe moja, wala usihame kwa kuwa ajenti ameamka na simu mkononi.

Nianze na huyo ajenti, maana yeye ndiye anayekunyima usingizi wiki hii. Mkataba wako uliisha, lakini hukubaki hewani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba mkataba ukiisha, mpangaji akabaki ndani, na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, basi upangaji wa mwezi kwa mwezi umeanza, hata kama hakuna aliyetia sahihi popote. Upangaji wa aina hiyo una notisi yake: isipungue mwezi mmoja, na imalizike siku ya kulipa kodi. Wewe hulipa tarehe moja. Yeye ameandika tarehe 12. Huo si mwezi, ni wiki mbili na ushei. Kwa hiyo mwezi ujao wote ni wako kwa Sh45,000 zile zile, na siku ya mapema kabisa anayoweza kukutaka utoke ni tarehe moja ya mwezi unaoufuata. Toa pia ule mkataba wa zamani usome kipengele cha notisi na cha kupandisha kodi. Kama mliandikiana miezi miwili, mkumbushe hivyo kwa maandishi.

Ndani ya muda huo, maadamu kodi imelipwa, sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kukaa kwa utulivu. Asikukatie maji, asikuzimie stima, asije na fundi kubadilisha kufuli ukiwa kazini.

Nisikufiche upande wa pili, maana najua wapo watakaokuambia uende ukamshtaki kwa kukupandishia kodi. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, yenye baraza lake la kusikiza mizozo, inawahusu wapangaji wa nyumba za Sh2,500 kwa mwezi kwenda chini. Roshani yako haimo humo. Mwenye nyumba akikupa notisi halali, anaweza kutaka Sh65,000 au hata Sh100,000, na hakuna ofisi itakayomzuia. Ukipigana naye utashinda mwezi mmoja. Utumie huo mwezi kutafuta nyumba, usiutumie kununa.

Hiyo hadithi ya serikali nayo mrudishie mwenyewe. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi hulipwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na mwenye nyumba, si mpangaji, na inawahusu wanaopata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Ilikuwa asilimia 10. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Imeshuka! Kwa nyumba yako, kutoka Sh4,500 kwa mwezi hadi Sh3,375. Wewe ni mhasibu, sijui imekuwaje ukaupokea ujumbe huo bila kupiga hesabu. Akitaka kulaza wageni wa usiku mmoja mmoja, nyumba ni yake na biashara ni yake. Aseme hivyo tu, asiisingizie serikali.

Sasa tuongee juu ya hilo ziwa lenyewe, kwa sababu hapo ndipo pesa zako zinapokwenda. Umeniandikia kuhusu jua linalozama. Hukuniandikia neno hata moja kuhusu wadudu. Mimi nilikuwa mji huu kabla haujaitwa jiji mwaka 2001, kwa hiyo usinione mgeni. Najua mwezi unapoandama wale wadudu wa ziwani wanavyoinuka kutoka majini kama moshi wa kuni mbichi, wakafuata taa, wakajaa ukutani na kwenye sufuria. Hawaumi, hilo tuwape. Lakini mwenye roshani ya kifahari usiku huo hufunga milango, huzima taa, hukaa gizani na joto lake. Mbu nao wapo, na kanda hii ya ziwa ndiyo inayoongoza Kenya nzima kwa malaria, kwa hiyo kila dirisha linalotazama maji linataka wavu. Kuna siku upepo unageuka, gugumaji linaifunika Ghuba ya Winam, na yale maji unayoyalipia yanakuwa shamba la kijani lisilo na mwisho. Mashua zenyewe hukwama humo.

Kisha kuna maji kupanda. Mwaka 2020 ziwa lilivuka kingo zake likaingia kwenye nyumba na hoteli za ukingoni huko huko Dunga, na 2024 likarudi tena. Wazee watakusimulia mvua za 1961 na 1962, baada yake ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 na halikurudi upesi. Si ajabu. Karibu asilimia 80 ya maji ya ziwa hili ni mvua inayoliangukia lenyewe, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Mvua ikizidi, maji hayana pa kukimbilia ila kwetu. Orofa ya nne hayatafika, sawa. Lakini mashimo ya maji taka yako chini, pampu ya kisima iko chini, jenereta iko chini, na barabara ya kukufikisha kazini iko chini. Orofa ya nne bila maji, lifti imekufa, ni adhabu.

Mgeni wa Airbnb hayajui haya na hana haja ya kuyajua. Anatoka Nairobi Ijumaa, anapiga picha ya machweo, anakula ngege wa kukaanga, Jumapili ameondoka. Yeye hununua siku nzuri peke yake, ndiyo maana anaweza kulipa ghali kuliko wewe. Wewe unazilipia siku zote, za gugumaji na za wadudu pia. Hutamshinda huyo mtu kwa bei, na mwenye nyumba wako ameshaliona hilo. Tena ziwa halina risiti. Panda tuktuk Jumamosi jioni hadi Dunga, nunua samaki wako, litazame jua mpaka lizame, urudi kwako. Jua ni lile lile.

Kuhusu mkopo wa sacco, hapana kabisa. Kodi mpya pamoja na huduma ni Sh71,000 katika mshahara wa Sh118,000. Hiyo ni shilingi sita katika kila kumi kabla hujala, hujanunua tokeni, hujapanda gari, hujamkumbuka mtoto wa Maseno wala mama wa Ugunja. Watu hukopa wajenge au wasome. Wewe unataka kukopa ili uvumilie muziki wa wageni. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari unalo wewe, ndiyo kazi yako. Ukipata nyumba ya Sh22,000, ukilinganisha na unacholipa leo, si hizo Sh65,000, unabaki na Sh29,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni Sh348,000. Ploti hainunuliwi kwa hizo pekee, lakini karo ya mdogo wako haitakutoa jasho tena.

Haya, aibu. Mama mwambie wewe mwenyewe, tena kwa kupiga simu, kabla binamu hawajamfikishia kwa namna yao. Mwambie mwenye nyumba ameitaka nyumba yake awalaze watalii. Ni kweli tupu na haina doa lolote kwako. Nakuhakikishia mama atahamia upande wako kwa dakika moja na kuanza kumlaani mwenye nyumba. Chama kitakuja popote palipo na chai. Binamu watapungua, na sitajifanya hilo linanihuzunisha kwa niaba yako. Na huyo jamaa, mwambie Jumamosi hii akiwa anakula, kisha mtazame uso. Sina la kuongeza hapo.

Ila sikulazimishi Migosi. Kama mguu hautaki kurudi kule kule, tazama Kenya Re, Lolwe, Polyview, hata Mamboleo. Na kama moyo kweli umeshikwa na ziwa, panda Riat, ulitazame kutoka mlimani. Nauli itapanda, lakini upepo utaupata. Kote huko nenda mara ya kwanza mchana na mara ya pili usiku, na mvua ikinyesha nenda siku hiyo. Upande wa Nyalenda uliza mapema nyumba iko umbali gani na mfereji wa Auji, maana huo hufurika. Waulize wapangaji, usimuulize keateka anayesimamia jengo, maji ya bomba huja siku ngapi kwa wiki. Usimpe mtu yeyote pesa za "kuonyeshwa nyumba" barabarani. Sheria inawataka maajenti wa nyumba wasajiliwe na bodi yao. Aliyesajiliwa haoni haya kukuonyesha cheti.

Nimeiacha depoziti nyuma kwa sababu ndiyo yenye kazi. Sh90,000 si pesa ya kumwachia mtu kwa adabu.

Leo jioni mjibu ajenti, kwa barua pepe au kwa karatasi, si sauti ya WhatsApp. Mweleze kwamba umepokea ujumbe wa tarehe 12, kwamba upangaji wako ni wa mwezi kwa mwezi, na kwamba utatoka siku fulani, ambayo ni ile tarehe moja niliyokutajia. Omba mkague nyumba pamoja wiki moja kabla. Weka nakala. Kisha chapisha taarifa za malipo yako yote ya simu tangu ulipoingia, pamoja na ile ya depoziti. Kama mkataba unasema depoziti hurudishwa baada ya siku kadhaa, zitaje siku hizo kwenye barua yako.

Kuna hila ambayo wapangaji wengi wa Kisumu wanaipenda: kukataa kulipa mwezi wa mwisho ili depoziti "ijilipe". Usiifanye bila ajenti kukubali kwa maandishi. Ukiwa na deni la kodi, mwenye nyumba anaweza kutumia sheria ya kukamata mali ya mpangaji, na dalali mwenye leseni akaja kuhesabu viti vyako mbele ya hao wageni wa Airbnb. Lipa mwezi wako, uwe na mdomo mpana siku ya kudai chako.

Siku ya ukaguzi piga picha na video kila chumba, bomba likiwa wazi, taa zikiwa zinawaka, mita za stima na maji zikisomeka. Wataleta hesabu ya rangi. Hiyo huja kila mara. Soma mkataba: kama ulikubali kupaka rangi ukitoka, tafuta fundi wako mwenyewe, uchukue risiti yake, kwa sababu fundi wa ajenti huwa na bei ya ajenti. Kama hukukubali, basi kuta zilizochakaa kwa kukaliwa tu si uharibifu wako. Ulichovunja, lipa. Misumari ya pazia ziba mashimo yake kabla hawajafika. Mmalizapo muandikiane karatasi moja yenye sahihi mbili: nyumba imekaguliwa, makato ni haya, baki ni hii, italipwa tarehe fulani. Funguo zitoke mkononi mwako baada ya sahihi, si kabla.

Akinyamaza baada ya hapo, mwandikie barua ya madai ukimpa siku 14. Akizidi kunyamaza, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Dai pesa zako tu, mambo ya nani aliyestahili kukaa kwenye nyumba usiyaingize. Mpeleke mwenye nyumba pamoja na ajenti wake, ili wasirushiane mpira, na jina la mwenye nyumba ulichukue sasa kutoka kwenye mkataba, kabla hujaufungasha na vyombo.